Jiwe Lililoomba Maji ya Tekla

Kwa nini mikono iliyofua chuma kwa amri ya wengine tangu ujana ilikikimbilia chuma kilekile mara tu ilipopewa ruhusa ya kupumzika? Misheni ilinipa elimu kuliko wenzangu wengi wa milimani, lakini swali hili limenishinda hadi leo.

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya misheni huku Uluguru, Bruda msimamizi hakunipa nyundo. Alinikalisha kwenye cherehe, gurudumu la jiwe la mchanga linalozungushwa kwa mguu, sehemu yake ya chini ikipita katika hori la maji. Ndevu za Bruda zilikuwa zimeungua upande mmoja.

"Mwanangu," alisema, "ukinoa kisu, kidole chako kiwe kwenye ubapa. Kidole kikiungua, kisu nacho kimeungua. Ukiona buluu ya kuungua kwenye makali, usiniletee mimi. Mpelekee Padri akizike."

Kutoka misheni nilihamishiwa boma la serikali, nikanoa mapanga ya wafyeka barabara. Reli ya Wadachi ilipofika Morogoro, nikachukuliwa karakana ya magari ya moshi. Huko Fundi Mkuu alikuwa na jiwe gumu la kiwandani, lililozunguka kavu kwa kasi ya kutisha. "Haraka! Gari halingoji!" ndiyo salamu yake ya asubuhi. Tulisaga sululu hadi zikageuka buluu. Zilirudi butu baada ya siku chache, tukazisaga tena. Hakuna aliyelalamika, maana sululu haina dada wa kuisemea.

Mimi ninaye. Nilipoacha kazi kwa sababu ya goti, nilirudi Bigwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yetu, anayoilima mdogo wangu Tekla. Alinipa banda lake la mbuzi nifanyie uhunzi wa kujifurahisha. Furaha iliyoje! Nilijenga tanuri, nikashona mivukuto ya kupulizia moto, nikanunua mjini jiwe kavu kama lile la reli, kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea haraka. Kisu changu cha kwanza kiling'aa kama kioo, ila ukingoni kulikuwa na utepe mwembamba wa buluu. Niliuona, nikajiambia ni kivuli.

Tekla alikijaribu kwenye shina la kabichi. Makali yakakunjika kama jani.

"Kaka, hiki kinakata kwa dua?"

"Ni cha kwanza, Tekla."

"Mbuzi wangu wanalala kwenye mvua kwa ajili ya hiki? Basi sikiliza. Cha pili kikikunjika, wanarudi kwao."

Hakuwa akitania. Nilikaa kutwa nikililinganisha lile jiwe kavu na vinoo vya mtoni. Jiwe kavu lina kasi, nalo huua chuma. Kinoo hakiunguzi kitu, lakini kutoa umbo la kisu kizima juu yake kungenimaliza viganja. Ndipo nilipokumbuka cherehe ya Bruda. Misheni ilikwisha kupata mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeegemea ukuta wa zizi lao. Padri alinipa huku akicheka. Tulipitisha mti kwenye tundu lake la katikati, mimi na jirani, tukateremka nayo tukiimba, goti langu likiitikia.

Ilibaki shida moja. Hori lilikuwa limepasuka, na maji pekee karibu na banda yalikuwa ya mfereji wa bustani ya Tekla.

"Unataka kulinywesha jiwe maji ya kabichi zangu?"

"Nitayaleta kwa mwanzi uliopasuliwa, yadondoke juu ya jiwe, kisha yarudi mferejini. Hutapoteza hata kikombe."

Akautazama mfereji wake. "Kesho, zamu yangu ya maji ikianza. Ila nitakuja na mbuzi."

Kulipokucha nikatega mwanzi. Maji yalidondoka, jiwe likabadilika rangi kutoka kijivu hadi nyeusi, nikasikia harufu ya ujana wangu. Tekla alisimama mlangoni, kamba ya mbuzi mkononi. Nikaweka ubapa wa kisu changu cha pili juu ya jiwe, kidole kikiwa pale Bruda alipokifundisha kukaa. Ulikuwa baridi. Baadaye ulikuwa bado baridi. Lakini goti likagoma, na gurudumu likaanza kupunguza mwendo.

Tekla akamfunga mbuzi kwenye mpera nje, akapandisha kanga.

"Sogea. Mtu anakanyaga wapi hapa?"