Shangazi Jedidah na Fundi wa Nguo za Askari

Shangazi yangu Jedidah hajui kusoma, lakini hapa Bura hakuna aliyewahi kumdanganya mara mbili. Chumvi huionja kabla ya kuinunua. Ukimletea habari atakuuliza, "Nani kakwambia? Na yeye kaambiwa na nani?"

Mwaka wa 1921 mumewe, Noah, alikamatwa Voi kwa kukosa kipande, kile cheti ambacho wanaume hutembea nacho shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Chake kilikuwa kimezuiwa na mwenye shamba la katani alikofanya kazi. Tukasikia kwamba Jumamosi angepakiwa kwenye garimoshi, apelekwe kifungoni Mombasa. Alhamisi alfajiri watu kama arobaini wakateremka mlimani kwa miguu kwenda kuiomba serikali imwachilie, Shangazi akiwa mbele.

Baadaye nilimuuliza, "Hamkuwaogopa askari?"

"Tuliogopana wenyewe kwanza," akasema.

Penye kijito cha Mwatate walimkuta Hashil, fundi cherehani wa Voi, aliyekubali kuwa mkalimani wao. Tatizo lilikuwa moja: Hashil ndiye aliyewashonea askari nguo, na kila mtu alilijua hilo.

"Mama Jedidah," Hashil akasema, "fimbo na mapanga yaacheni hapa. Askari wamepangwa barabarani. Wakiona rungu moja tu, watasema mmeleta vita, na Noah hamtamwona tena."

"Umejuaje?"

"Huongea nikiwapima."

Mzee Obadiah akaangua kicheko. "Leo atuvue fimbo, kesho atuvue suruali. Fundi kweli huyu!"

Wengine hawakucheka. Walianza kumzunguka. Ndipo Obadiah akatoa kibuyu cha pombe ya miwa: Hashil atase, yaani asafishe moyo kama sisi Wadawida wa milima hii tufanyavyo, apige funda, aliteme na kusema kwamba moyoni hana hasira na mtu. Mwenye kinyongo hathubutu.

Hashil akarudi nyuma. "Hicho siwezi."

"Mmeona!" Obadiah akapaza sauti. "Moyo wake umekataa!"

Shangazi akapiga hesabu. Bila mkalimani, Noah alikuwa amekwenda. Na kama mkalimani ni jasusi, wangekwenda wote. Akamkagua Hashil kuanzia kofia mpaka viatu.

"Unatukataa sisi, au unakataa pombe?"

"Pombe, mama. Mimi Mwislamu. Maji nipe hata pipa."

Shangazi akamchotea maji kijitoni. Hashil akapiga funda, akayatema kwa nguvu mbele ya wote, akasema hana hasira na yeyote, hata na mzee aliyemfanyia mzaha wa suruali. Shangazi akawa wa kwanza kutupa panga majanini. Wengine wakafuata, wakinung'unika.

Kesho yake asubuhi, huko Voi, askari waliwapekua mpaka ndani ya vikapu vya viazi. Hawakupata hata kisu. Basi bwana wa ofisi ya serikali hakuwa na la kuwashtakia. Wakaketi chini mlangoni pake, jua likiwachoma, Hashil akieleza habari ya kipande kilichozuiwa, na kueleza tena. Alasiri Noah akafunguliwa.

Alipomwona mkalimani akasimama ghafla.

"Jedidah! Huyu si ndiye anayewashonea nguo walionifunga?"

"Ndiye," Shangazi akasema. "Na ndiye aliyekusemea tangu asubuhi. Mshukuru, halafu twende. Bado simjui vizuri."