Neno la Kumwita Mpwa Wangu

Siku ya posa kule Merigi nilikuwa msemaji wa mpwa wangu. Mama yake ni dada yangu, baba yake ni Mzungu. Shuleni walimwita pointi, yaani nukta tano, kana kwamba ni nusu ya mtu.

Baba wa msichana tuliyekuja kumposa aliweka kikombe chini. "Huyu pointi wenu ni wa ukoo gani?"

Nikimsahihisha angeweza kutufukuza, na mpwa wangu akose mke.

"Mzee, baba yake ni Mzungu. Baba yangu alimpokea kijana huyu katika ukoo wetu. Hilo neno pointi linamuumiza."

Nilitazama mlango. Kisha mzee akamgeukia kijana mwenyewe.

"Basi wewe unataka tukuite nani?"

Nikasogea kando ili ajibu mwenyewe.