Mama Iwabuchi na Vitabu vya Mizuka

Mtu aliyeshuka kituo cha Kiryu miaka ile aliusikia mji kabla hajauona. Kila uchochoro mashine za kufuma zilikuwa zikigonga tangu alfajiri. Mimi nililetwa pale kutoka Niigata nikiwa na miaka kumi na mitano, nikatiwa katika kiwanda cha mishipi ya kimono, nikapewa godoro bwenini. Naitwa Kinue. Lakini habari ninayotaka kuisema si yangu, ni ya Shizuno Iwabuchi, aliyekuwa na duka la kukodisha vitabu ng'ambo ya mfereji, mkabala na lango la kiwanda chetu.

Lilikuwa duka jembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Rafu moja ilikuwa ya hadithi za mapenzi, moja ya samurai, na ile ndefu kuliko zote ilikuwa ya manga, yaani hadithi za picha, za kutisha: mizuka, majumba yenye laana, wanawake wenye nywele zinazotambaa sakafuni. Vitabu vyenyewe vilikuwa vimechakaa kwa kushikwa, pembe zimeviringika kama majani makavu.

Upande wa kushoto wa uso wa Mama Iwabuchi, tangu sikioni mpaka kidevuni, ulikuwa umeyeyuka. Sina neno jingine. Mabomu ya moto yalipoangushwa Maebashi, siku kumi kabla vita havijaisha, alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa ameposwa. Mchumba wake alikwenda kumwona hospitalini mara moja tu, akaongea naye huku akitazama dirishani, akaaga. Watu wa mjini nao walimfanyia hivyo hivyo kwa miaka kumi na tisa. Walimwamkia vizuri, wakainama kwa adabu, macho yao yakatua begani kwake.

Siku ya kwanza nilipoingia dukani nilisimama kama mlingoti.

"Unatazama uso wangu au vitabu?" akaniuliza.

"Vitabu, shangazi."

"Mwongo wewe. Tazama uso kwanza, umalize. Halafu tuzungumze vitabu."

Nikautazama. Moyo ulinienda mbio, kisha ukapoa. Niliona jicho la upande ule lilivyovutwa chini, nikaona pia kwamba lilikuwa linacheka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umekufa?"

"Sijafa."

"Haya. Chukua hiki."

Kitabu alichonipa kilihusu mfumaji aliyetumbukia katika pipa la rangi, na tajiri wake akaficha maiti ili kazi isisimame. Tangu siku ile kila kitambaa kilichofumwa pale kikaota nywele. Mchoraji alikuwa mjanja. Vitabu vyetu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na picha ya mwisho upande wa kushoto, pale pa kugeuza ukurasa, ilikuwa ya mkono wa yule tajiri umeshika mlango wa kabati la nguo za mkewe. Basi, mkono tu. Kufunua ni juu yako wewe mwenyewe.

Zamu ya alfajiri ilikwisha saa saba na nusu mchana. Tulikuwa wanane chumbani, na baada ya kula tulilala kifudifudi kuzunguka kitabu kimoja. Sumi, msichana wa Akita mwenye sauti ya kuku aliyekanyagwa, ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote.

"Usifunue! Usifunue! Ngoja nishike mto!"

"Funua bwana, huyu mwoga atatuchelewesha."

"Mwoga mama yako! Haya, funua. Aaah! Mungu wangu, zinamtoka mdomoni!"

Tukagaragara kwa kicheko na machozi. Mchana kutwa tulikuwa tunaogopa: tunaogopa uzi kukatika, tunaogopa mnyapara, tunaogopa mwenzetu aliyeanza kukohoa damu mwaka jana na kurudishwa kwao. Hofu ile haikuwa na sura wala mwisho. Hii ya kitabuni ilikuwa na kurasa mia na thelathini, ukaishika mkononi, ukaifunga ukitaka. Na yule tajiri alipata alichostahili. Katika maisha yetu hatukuwa tumeona tajiri hata mmoja akipata alichostahili.

Mwaka wa Olimpiki za Tokyo, 1964, watu waliamua kujisafisha. Mitaro ikafukuliwa, mbwa wa mitaani wakakamatwa, na kamati ya wazazi ikaanza kusaka vitabu vibaya. Mwenyekiti alikuwa Mama Hirasawa, mke wa meneja wa kiwanda chetu, mwanamke msafi kupita kiasi, asiyepiga chafya mbele za watu. Mtoto mmoja wa darasa la pili alikuwa amesoma kitabu cha mkono unaotoka chooni, akakataa kwenda chooni peke yake wiki nzima. Mama yake akapeleka kesi kwa kamati. Jumapili iliyofuata wakaja na mkokoteni, wanawake saba wenye aproni nyeupe, pamoja na Bibi Tsune, mama mkwe wa Mama Hirasawa, ambaye walimleta kwa sababu hakukuwa na wa kubaki naye nyumbani.

Sisi wasichana tulikuwa tumejipanga kando ya mfereji tukitazama.

"Mama Iwabuchi," Mama Hirasawa akaanza, macho yakiwa begani, "tunakuomba kwa heshima utukabidhi vitabu vya kutisha. Vitateketezwa leo mchana katika uwanja wa mazoezi. Tunawalinda watoto."

"Mnawalinda na nini?"

"Na vitu vya kutisha."

Mama Iwabuchi akavua kitambaa alichokuwa akijifunga kichwani anapofagia, akakikunja taratibu. "Basi nipakieni na mimi kwenye huo mkokoteni. Watoto wenu wananipita asubuhi na jioni."

Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Sivyo tulivyomaanisha, dada."

"Ndivyo mlivyomaanisha. Niambie, Mama Hirasawa, jicho langu hili lina rangi gani?"

Mwenyekiti akaanza kunyoosha aproni yake.

"Miaka kumi na tisa unanunua tofu duka moja na mimi. Hujui. Watoto wanajua, kwa sababu wanatazama. Nikisoma vile vitabu, namkuta mwanamke aliyeungua, na mchoraji hakugeuza uso. Amemchora ukurasa baada ya ukurasa, mkunjo kwa mkunjo, na msomaji anamtazama mpaka mwisho. Nyinyi hamjanipa hata dakika moja ya namna hiyo."

"Lakini vitabu vizuri vipo," akasema Mama Hirasawa, sasa sauti imepanda. "Vya kumjenga mtoto. Vya ushujaa, vya maadili."

"Nilikuwa na mdogo wangu, Eiji. Alisoma hivyo vya ushujaa. Rubani anatabasamu, bendera inapepea, hakuna hata tone la damu. Kila kimoja kilikuwa na kibali cha wakubwa. Alikwenda vitani na miaka kumi na saba, na kilichorudi ni kisanduku chenye jiwe ndani badala ya mifupa yake. Kitabu kilichomuua ndugu yangu kilikuwa kisafi kama aproni yako. Sijawahi kusikia mzuka wa kwenye karatasi umeua mtoto wa mtu."

Kisha Mama Hirasawa, uso umemwiva, akaamuru, "Pakieni."

Wakapakia. Walipata vitabu thelathini na saba, kwa kuwa vilivyobaki vilikuwa bwenini chini ya magodoro yetu. Kimoja kilikosekana kwa sababu nyingine: Bibi Tsune alikuwa ameketi kizingitini nacho, miwani puani, na alipovutwa mkono aling'aka, "Niacheni! Ndiyo kwanza anafungua kisima!" Wakamwacha amalize. Alipomaliza, akauliza mbele ya wote, "Juzuu ya pili iko wapi?"

Mchana moto uliwashwa. Mama Iwabuchi hakujifungia ndani kulia. Alitembea mpaka uwanjani, kichwa wazi, akasimama mstari wa mbele kabisa, karibu na moto kiasi kwamba nilimwonea hofu, maana nilijua moto ulimfanya nini. Lakini hakurudi nyuma hatua moja, na yeye alimtazama usoni kila mwanamke aliyetupa kitabu, mpaka akamaliza kutupa. Watatu wa mwisho waliweka vitabu vyao chini na kuondoka. Viliunguzwa na mlinzi wa shule.

Jumatatu kiwandani palibandikwa tangazo: msichana wa bwenini atakayeonekana katika duka la ng'ambo ya mfereji ataandikwa jina, na hatakwenda matembezi ya majani mekundu huko Nikko. Matembezi yale tulikuwa tukiyangoja mwaka mzima. Jioni tulikaa tukitazamana. Aliyeanza ni Sumi.

"Nikko kuna nini? Majani. Kwetu Akita kuna majani mpaka yanakera."

"Watatufukuza kazi, Sumi."

"Watufukuze, halafu nani afume? Meneja na mkewe?"

Alisema kweli. Viwanda vya magari vilikuwa vikinyakua vijana kila kona, na mabwana wa viwanda vya kufuma walikuwa wakisafiri mpaka vijijini kuwabembeleza wazazi wetu. Kesho yake, zamu ilipoisha, tukatoka wasichana kumi na mmoja na nguo zetu za kazi, nyuzi bado zimetuganda nyweleni, kila mmoja na kitabu mkononi, wazi wazi, tukapita langoni saa saba na nusu ya mchana. Mnyapara alikuwa amekaa na daftari.

"Jina?"

"Kinue," nikamwambia. "Na uandike vizuri, jina langu huandikwa kwa herufi yenye maana ya hariri. Mwezi uliopita kwenye karatasi ya mshahara ulikosea."

Nyuma yangu wakacheka, naye akaandika. Tukavuka daraja. Mama Iwabuchi alikuwa ameketi mbele ya rafu tupu kama mtu aliyefiwa. Tukaanza kupanga vitabu kimoja kimoja, vya wiki iliyopita, vya mwezi uliopita, vingine tulivyovificha tangu majira ya kuchipua kwa aibu ya kuchelewesha. Akavihesabu, vikafika sitini na kitu.

"Wezi nyinyi," akasema. Kisha akageuka ukutani.

Nikko hatukwenda. Tulishinda dukani siku ile tukila viazi vitamu vya kuchoma, na alasiri Bibi Tsune akaja na fimbo yake kuchukua juzuu ya pili. Kamati haikurudi tena. Mama Hirasawa hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa namna hiyo, na wala hakuombwa.

Mwaka uliofuata Mama Iwabuchi alifanya jambo lililotushangaza. Alimwandikia barua mchoraji mmoja wa Osaka, Bwana Nezu, aliyekuwa akichora hadithi za mizuka iliyoungua. Barua yenyewe alinisomea kabla ya kuituma, na haikuwa ya kusifu. "Makovu yako ni ya uongo," alimwandikia. "Umeyachora kama tope. Ngozi iliyoungua hung'aa, na huvuta. Mwenye kovu la shavuni hawezi kutabasamu pande zote mbili, nawe umemfanya atabasamu. Kama unataka kutisha watu, njoo uone kwanza."

Wiki tatu baadaye akashuka kwenye treni kijana mwembamba, mwenye wino kwenye kucha, akiinama kila hatua. Alikaa siku mbili. Mama Iwabuchi aliketi mlangoni penye mwanga, mimi nikiwapelekea chai ya shayiri. Mwanzoni yule kijana alichora huku akiomba samahani.

"Acha samahani, utakosea mstari," akamwambia. "Sogea. Sogea tena. Hapo."

Siku ya pili aliuliza, kwa sauti ndogo, hadithi aimalize vipi. Kwa kawaida mzuka hufanyiwa sala, ukatulia, ukapotea.

"Huyu asipotee," Mama Iwabuchi akajibu. "Hana kosa. Wapotee wao waliogeuza uso."

Kitabu kilipotoka, mwanamke wa ndani alikuwa yeye mtupu: jicho lile, shavu lile, hata namna alivyokuwa akikunja kitambaa. Kilitisha kweli kweli. Nilipokifikia ukurasa wa arobaini nilikitupa, nikakiokota, nikaendelea. Yeye alikiweka dirishani, jalada likitazama barabara waliyopita wanakamati kwenda sokoni, na hakukiondoa mpaka jua lilipokifubaza.

Duka lilifungwa mwaka 1970. Halikuuawa na moto wala kamati, liliuawa na televisheni na majarida ya bei rahisi, na yeye mwenyewe alilisema hilo bila uchungu. Akafanya kazi ya kusuka kamba za viatu nyumbani, akawa anatembelea maduka ya vitabu kusoma manga mpya kwa kusimama, akiwakemea wachoraji kwa sauti.

Alifariki mwaka 1988. Mpwa wake, mtu mstaarabu kutoka Takasaki, alisimamia mazishi, akaweka juu ya jeneza picha aliyoipata kwenye sanduku: msichana wa miaka ishirini, kabla ya vita, mashavu laini kama yai. Tulikuwa tumefika wafumaji tisa wa zamani, wake za watu, wengine wenye wajukuu. Sumi akasogea, akaitazama ile picha.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni shangazi yangu, mama. Nimeona tumkumbuke alivyokuwa mzuri."

"Sisi huyu hatumjui," Sumi akamwambia.

Mpwa akasema kutakuwa na wageni, na watoto pia. Hatukubishana naye sana. Nilikuwa na picha mkobani, niliyompiga mwenyewe mbele ya duka, anatazama kamera moja kwa moja huku jua likimpiga upande wa kushoto. Nikaitoa, Sumi akaishusha ile nyingine kwa mikono miwili, kwa heshima zote, tukaweka hiyo. Kisha tukaketi safu ya mbele, na yeyote aliyekuja kufukiza uvumba siku ile ilimbidi amtazame.