Mama Mkwe na Korongo wa Mawinguni

Mpaka leo nikisikia pikipiki ikipanda mlima kwa urahisi uso unanichoma, na heri niwasimulie mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Lusangi, maana wao huongeza chumvi.

Kisa chote ni kitabu cha watoto. Ndiyo, mimi na ndevu zangu, dereva wa pikipiki anayejulikana Wamaza nzima, nilikuwa nasoma hadithi ya msichana anayempanda ndege mkubwa, korongo, kwenda kulitafuta jua lililopotea (wanafunzi wa Kasongo wote wanaazimana kitabu hicho, nami nilikichukua kwa mpwa wangu nikasema nitaangalia picha tu), na asubuhi ile nilikuwa nimebakiza kurasa chache, korongo amechoka, hajui kama atafika.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka mama yake mchumba wangu Mwamini kwa kaka yake huko Lusangi, kwa sababu bila neno la mjomba hakuna ndoa. Kwetu mama mkwe haguswi wala hatazamwi machoni, basi tukaweka mfuko wa unga katikati yetu, nikaufunga kwa mpira, tukaenda kimya.

Tukafika kwenye daraja la magogo. Hapo abiria hushuka akatembea, na dereva huvuka na pikipiki akamngoja ng'ambo. Nikavuka, nikamngoja kwa heshima, yaani nimempa mgongo, na katika kungoja nikatoa kitabu nisome mistari miwili. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni, mweupe, mwororo, na kwa kweli sikujua tena kama niko kwetu Kabambare au niko mawinguni. Mfuko ukanigusa mgongoni (kumbe mpira umelegea), nikajua mama amepanda, nikaondoka.

Jamani, pikipiki ilipanda mlima kama haikubeba mtu. Nami badala ya kushtuka nikafurahi, nikajisemea hivi ndivyo korongo anavyoruka, na furaha ikanilegeza ulimi, nikaanza kumsimulia mama mkwe hadithi nzima kwa sauti, kijiji baada ya kijiji, na ukimya wake nikauona ni adabu.

Uani kwa mjomba watu walikuwa wamesimama kutupokea. Mjomba akatazama pikipiki, akatazama unga.

"Mama Mwamini iko wapi?"

Ndipo nikageuka.

Nilivyorudi sitasema. Nilimkuta amekaa kwenye gogo, wanawake waliotoka mashambani wamemzunguka. Nikachuchumaa, nimempa mgongo, nikaomba msamaha huku najua Mwamini nimeshampoteza.

"Mukwe, nilikusikia unaenda, unasema peke yako. Ulikuwa unasema na nani?"

"Na weye, mama."

Ikabidi nieleze habari za kitabu. Akauliza kama korongo alifika. Nikamwambia sijui, sijamaliza.

"Basi twende. Utamaliza kwa muyomba, mbele ya watu wote."

Na nilimaliza, nimesimama uani, natoa Kifaransa cha kitabu naweka Kiswahili, na korongo alipotua sauti ikanikwama, mtu mzima mimi, watu wakacheka mpaka mjomba akasahau hasira. Akanitoza mbuzi kwa aibu niliyompa dada yake, kisha akatoa neno lake.

Mwamini sasa ni mke wangu. Kusoma sijaacha, ila darajani sithubutu tena: kila tukifika hapo, mama mkwe hunyoosha mkono achukue kitabu kabla hajashuka.

"Kitabu iko na mimi. Ukikitaka, utaningoja."