Kamera yangu kwa mazishi ya Kioko

Leo nimepiga picha mazishi yote ya rafiki yangu Kioko hapa Mbumbuni!

Sawa, nimedanganya. Sikupiga hata moja.

MC aliita wajukuu wasimame kando ya jeneza. Nikasogea na kamera yangu, dude zito ambalo sijawahi kulipenda. Ninalo tu kwa sababu marehemu mke wangu aliuza mbuzi wake akaninunulia.

Binti ya Kioko akanifokea, "Mzee, toka mbele, unaziba simu za watu!"

Nikamuuliza, "Na hiyo picha ya baba yako hapo juu ya jeneza, ilipigwa na simu gani, mama?"

Watu wakashusha simu.

Halafu wakainua simu tena.

Sasa wewe Mutua, najua unasoma hii, nilikupiga picha za harusi yako, hata asante sijaskia. Kuja kesho na simu yako unipige moja. Ya kuwekwa juu ya jeneza langu sina.