Santuri ya Baba Niliyoipiga Pasi

Aibu hii ni yangu na siigawi na mtu, ila walioishuhudia ni wapangaji wa ploti nzima pale mtaani Baba Dogo, na mama yangu alikuwa kiti cha mbele.

Baba alipiga gitaa ujanani, na sauti yake ilibaki kwenye santuri moja tu. Santuri zake zote alizipanga wima ndani ya kreti ya soda, mbali na dirisha, na akikuta tumezilaza alitugombeza: "Santuri husimama. Ukiilaza, unaizika." Alipofariki, kreti ikaja kwangu. Mimi (mjuaji) nikataka nafasi ya televisheni kubwa, nikazilaza juu ya kabati, moja juu ya nyingine, na joto la mabati ya kwetu saa nane mchana mnalijua.

Siku tulipomkumbuka Baba, mwaka mmoja tangu atuache, Mama aliomba jambo moja tu, amsikie tena. Asubuhi nikaishusha ile santuri yenye sauti yake, nikakuta imejikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Ningesema ukweli hapo hapo, yangeisha. Lakini nilishawatangazia wageni, nikaona haya, basi nikaifunika kwa leso ya Mama, nikaipiga pasi taratibu kama shati la Jumapili, nayo ikanyooka kweli (nikajipongeza, mjinga mimi).

Baada ya maombi na pilau watu wakanyamaza, nikaiweka santuri kwenye gramafoni, nikashusha sindano. Gitaa lilisikika kidogo, kisha ukaja mkwaruzo mzito unaoyumba, sindano ikateleza hadi katikati. Nikairudisha mara tatu, jasho linanitoka. Ndugu yangu Kevo akainama, akaiangalia, akaniuliza mbele ya wote, "Bro, kwani hii kitu uliipiga pasi?" Nyuzi za leso zilikuwa zimejichora juu yake, na rangi nyekundu kidogo.

Mama hakunigombeza. Alisema, "Zima, mwanangu. Nimemsikia." Na sote tulijua sauti ya Baba haikutoka, na hilo ndilo lililonivunja.

Zilizobaki nimezirudisha kwenye kreti, wima, televisheni nimeitoa. Nimeapa kitu cha marehemu kikiniharibikia nitasema kimeharibika, sitakitengeneza kwa ujuaji. Leso ile ina duara jeusi la santuri katikati. Mama aliikunja, akaiweka chini ya mto wake, na mpaka leo hajaifua.