Lalamiko la Mwisho la Kinyozi

Kinyozi alikuwa na nyumba nzuri kuliko zote alizowahi kulala, na hakuwa na wa kumwambia "karibu ndani". Vyumba vitatu, sakafu laini, bomba uani, taa kila mahali mpaka chooni. Alijengewa na kampuni ya umeme, baada ya bwawa la kampuni hiyo kumeza kijiji cha zamani pamoja na kibanda chake cha kunyolea, pale penye njia panda ya kwendea sokoni. Nyumba alipewa. Njia panda hakupewa.

Na kinyozi bila njia panda ni kitu gani? Kule zamani watu hawakukaa kwenye kiti chake kwa ajili ya nywele tu. Alikuja huyu kusema mkewe kanuna, akaja yule kutaka kujua huyu kasema nini. Kulikuwa na wenye vipara vya kung'aa, na bado walipanga foleni. Huku mtaa mpya nyumba zimejipanga mstari kama meno ya kitana, na nyingi zina kufuli mlangoni, wenyewe wameshafuata watoto wao mjini. Mke wa Kinyozi alifariki kabla ya kuhama, kwa hiyo vyumba hivi vitatu hata hakuviona. Binti yao yuko mbali. Hupiga simu kila Jumapili huku anapika.

"Baba, hujambo? Umekula? Haya baba, ngoja, vitunguu vinaungua."

Kila Jumapili vitunguu vinaungua.

Sasa, ile kampuni ilikuwa na wenyewe wawili, nusu kwa nusu, na nusu moja haikuiamini nyingine hata kwa msumari mmoja. Kwa hiyo jambo lolote la watu waliohamishwa lilishughulikiwa na maofisa wawili, mmoja wa kila upande. Waje pamoja, waone pamoja, waondoke pamoja. Mmoja alikuwa mama mtaratibu, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Mwenzake alikuwa bwana mmoja mnene mwenye haraka, anayetembea kama mtu aliyeacha maji jikoni. Mtaa mzima uliwaita Nusu Mama na Nusu Baba, na wenyewe walishazoea, wakawa wanaitika.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Una lalamiko? Piga simu, Nusu zote mbili zitakuja kuona kwa macho. Likishatengenezwa, unasimama katikati yao, unainua dole gumba, unacheka, unapigwa picha. Hapo lalamiko limefungwa. Bila picha ya kucheka, halijafungwa, hata ukiwa umejengewa ghorofa.

Lalamiko la kwanza la Kinyozi lilikuwa la kweli kabisa. Mlango ulivimba kwa mvua, haufungi. Walikuja na fundi, wakakaa mpaka alasiri, wakanywa chai, Nusu Mama akamuuliza habari za marehemu mkewe. Muulize mtu habari za marehemu mkewe uone kama ataufurahia mlango! Walipoondoka, mlango ulifunga vizuri sana, na nyumba ikawa kimya kuliko mwanzo.

Wiki iliyofuata mfereji wa paa ukaanza kuvuja. Halafu bomba likawa linakohoa. Halafu nyaya kubwa za umeme kule mlimani zikawa zinanguruma, hazimpi usingizi. Bawaba ya dirisha, hiyo tuseme ukweli, aliilegeza mwenyewe kwa ncha ya kisu cha mezani, akakaa kitako kusubiri gari.

Hivyo ndivyo alivyoishi, lalamiko kwa lalamiko, hadi siku ile walipokuja kwa ajili ya kioo.

Kioo kilikuwa kile kile cha kibanda cha zamani, amekitundika sebuleni, na mbele yake kiti kile kile. Lalamiko lilikuwa kwamba mitambo ya bwawa ikizunguka, kioo kinatetemeka, mtu hauoni uso wake sawasawa.

Nusu Baba alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni. "Mzee, hiki kioo kimetulia kuliko mimi."

"Kina aibu. Wageni wakija kinatulia."

"Baba," alisema Nusu Mama, na sauti yake haikuwa ya utani, "leo tunaomba utusaidie. Kesho anakuja mkaguzi. Malalamiko yote ya mtaa huu yamefungwa, limebaki lako tu. Likifungwa, kampuni inapata cheti chake cha kuwajali watu."

"Na ninyi mnapata nini?"

"Sisi tunahamishiwa bwawa jingine linalochimbwa. Dawati la hapa linafungwa."

Kinyozi alijifanya anafuta vumbi kwenye kioo. Kumbe picha moja tu, kucheka kidogo tu, na gari lile halitapiga tena honi mbele ya nyumba yake. Asipocheka, mkaguzi ataikuta dosari, na watarudi. Lazima warudi.

"Ngoja mitambo izunguke," alisema. "Mtaona wenyewe. Ila wewe bwana mkubwa, unakwenda mbele ya mkaguzi na msitu huo kichwani? Kaa hapa, nikupunguze wakati tunasubiri."

Nusu Baba akajishika kisogo, akatazama kioo kisichotetemeka, akakaa.

Acha Kinyozi afurahi! Akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, na mashine ikaanza kuimba wimbo wake ule wa nzi mkubwa chupani. Akaanza upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayekula kitu asichotaka kiishe. Upande wa kushoto ukawa safi. Akageuza kiti.

Mashine ikanyamaza.

"Mzee, endelea."

"Nimeishika hapa, haiendi."

"Washa basi."

"Imewashwa. Kamuulize mwenye kampuni kwa nini haiwaki."

Umeme ulikatika mtaa mzima, chini ya bwawa lenyewe. Nusu Baba akajitazama kwenye kioo, kushoto ofisa, kulia msitu. Nusu Mama aliweka mkono mdomoni, akashindwa, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Sasa ndiyo umekuwa nusu kweli!"

"Unacheka? Nitamwambiaje mkaguzi?"

"Mwambie upande huo ni wa wenzetu."

Nusu Baba akapiga simu kituoni. Mafundi wako kwenye nguzo, hawajui saa ngapi watamaliza. Akageuka. "Mzee, nimalizie kwa mkasi."

"Mkasi ulizama na kijiji," alisema Kinyozi.

Uongo. Mkasi ulikuwa kwenye droo chini ya kioo, umefungwa kitambaa cha marehemu mkewe, umenolewa, pamoja na kitana. Lakini mtu mwenye nusu kichwa hawezi kwenda popote. Umeme ukichelewa, watakula hapa.

Akabandika chai kwenye jiko la mkaa. Na chai ilivyokolea, na haraka ilivyokuwa haina pa kwenda, Nusu Baba akaanza kuongea. Akasema mkewe yuko mji mwingine, yeye analala nyumba ya wageni ya kampuni, kila usiku mkate na televisheni. Akasema tangu ahamie hapa hajasikia mtu akimwambia kula. "Kula basi," alisema Kinyozi, akamsogezea sahani ya karanga. Sebule ilikuwa na sauti za watu watatu. Kinyozi akawa anatembea kati ya jiko na kiti kama mwenye harusi.

Ndipo simu ya Nusu Mama ikalia. Aliiweka sikioni, lakini ilikuwa ya kelele, wote wakasikia sauti ya mtoto.

"Mama, mlango umefungwa."

"Jirani yuko wapi, mwanangu?"

"Hayupo. Nimekaa kwenye ngazi."

"Kaa hapo hapo. Nakuja."

"Unakuja saa ngapi?"

Nusu Mama akamtazama Nusu Baba, nusu yake ya msituni. Gari lilikuwa moja. "Sasa hivi, mama. Usiondoke hapo."

"Nimeshakaa sana," kile kitoto kikasema, wala hakikulia. Bora kingelia.

Kinyozi alisimama na birika mkononi. Kuhusu kukaa na kusubiri gari, hakuna wa kumfundisha. Akaweka birika chini. Akavuta droo.

Kitambaa kikafunguka, mkasi ukaonekana. Nusu Mama aliutazama, kisha akatazama bawaba ya dirisha, kisha akageuza macho nje. Ni mtu mzima, alishajua siku nyingi.

"Mkasi umeogelea," alisema Kinyozi. "Geuza kichwa, bwana mkubwa."

Hakukata polepole safari hii. Mkasi ulilia chak-chak-chak, nywele zikaanguka sakafuni, na upande wa kulia ukalingana na wa kushoto sawasawa, wenye kampuni wote wawili wasipate la kulalamika. Akampangusa shingo.

"Na kioo?" Nusu Baba aliuliza, sauti chini.

"Kimepona."

Wakasimama mbele ya kioo. Nusu Mama akanyoosha simu mbele yao watatu. Kinyozi akainua dole gumba.

"Baba, cheka basi."

Akacheka. Picha ikatoka vizuri. Hata wewe ungeamini.

Mlangoni Nusu Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Baba, nitakupigia."

"Nenda, mwanangu. Mtoto yuko kwenye ngazi."

Gari likakunja kona. Kinyozi akachukua ufagio, akaanza kukusanya nywele za kichwa kimoja, na hapo umeme ukarudi. Taa za vyumba vyote vitatu zikawaka kwa pamoja mpaka ya chooni, na juu ya meza, ile mashine ya kunyolea, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaanza kunguruma peke yake, inatetemeka, inasogea taratibu kati ya vikombe vitatu vya chai.

Alinyoosha mkono aizime. Halafu akauvuta mkono, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaiacha kwanza iongee.